Hatua Kumi na Tano: Siku Saba za Kupanga Windo Langu la Kwanza la Nguruwe Pori kwa Upinde

Siku ya kwanza, Jumatatu. Dodoma mjini

Mwezi Aprili nguruwe pori waliingia kwenye karanga za mama. Usiku wa kwanza walichimba pembeni, usiku wa pili wakamaliza katikati. Nilipofika asubuhi nilimkuta amesimama kwenye kona ya shamba, kanga mabegani, anatazama udongo uliopinduliwa tuta kwa tuta na maganda yaliyotapakaa. Hakulia. Aliniambia tu, "Baba, hawa wanalala humo ranchini."

Shamba lake limepakana na ranchi kubwa upande wa Kongwa. Tangu siku ile nina wazo moja: nikawawinde, na niwawinde kwa upinde. Bunduki sina wala siitaki. Ranchini kuna ng'ombe, kuna wachungaji, kuna watoto wanaokwenda kuteka maji, na risasi ikikosa haijulikani itaishia wapi. Mshale ukikosa unauona ulipoanguka. Lakini sijawahi kuwinda mnyama mkubwa kuliko yule ndege kanga, kwa hiyo nimeomba likizo ya siku saba kwa ajili ya kupanga peke yake. Kuwinda kwenyewe kutasubiri msimu, unaoanza Julai 1, na kutasubiri kibali.

Leo nimeanzia kwenye kibali. Dirisha la kwanza nililoelekezwa nilikaa saa tatu nzima, kisha nikaambiwa shauri langu si la pale. La pili nilimkuta afisa wanyamapori aliyenisikiliza tangu mwanzo hadi mwisho bila kushika simu. Nilidhani ruhusa ya meneja wa ranchi inatosha, maana nyasi ni zake na uzio ni wake. Akanisahihisha kwa upole: mnyamapori hawi wa mwenye ardhi. Kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya 2009, wanyamapori wote ni mali ya umma, chini ya dhamana ya Rais. Mwenye ranchi anaweza kukuruhusu kuingia kwake. Kuua ni ruhusa nyingine.

Akaendelea na yaliyokatazwa pasipo idhini ya maandishi: sumu kwenye mshale, mitego na nyaya, kumulika kwa taa, kuwinda usiku. Akaniambia ombi langu litaje upinde kwa jina, litaje ni mnyama gani na wangapi, na niambatishe barua ya ranchi na ya serikali ya kijiji pamoja na ramani ya mahali penyewe. "Ramani chora mwenyewe," alisema, "ila chora mahali ulipopakanyaga."

Nimetoka pale na maswali mawili. Mshale usio na sumu unamuuaje nguruwe wa kilo 60 au 100? Na kama usiku umekatazwa, huyu mnyama anayetembea usiku nitakutana naye saa ngapi? Siku zilizobaki nazitumia kutafuta majibu ya hayo mawili.

Siku ya pili, Jumanne. Njia ya Farkwa

Siku ya barabara. Basi la Kondoa hadi Chemba ni lami tupu, kisha pikipiki kuelekea magharibi, vumbi mpaka kwenye meno. Mtama umeshavunwa, mabua yamesimama makavu. Tulivuka mto Bubu ukiwa na maji kidogo yanayopita katikati ya mchanga, wanawake wakichota kwenye vishimo.

Huku ni kwa Wasandawe, watu ambao lugha yao ina sauti za kidoko ambazo ulimi wangu wa Kigogo hauziwezi, na ambao upinde kwao ulikuwa jembe kabla ya jembe. Rafiki yangu wa kazini ni wa huku, na amenituma kwa babu yake. Nimefika jua linazama. Nimepewa maji ya kuoga, ugali wa uwele na mlenda, nikaambiwa habari ya upinde ni ya asubuhi.

Siku ya tatu, Jumatano. Kwa Babu

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Nimesikia karanga za mama yako zimeliwa."

"Zimeliwa babu. Nusu eka yote."

"Basi kaa chini. Mwenye njaa ya nyama ningemwambia arudi mjini akanunue kitimoto."

Babu amepita miaka themanini, jicho lake moja lina ukungu, lakini mikono bado inajua. Alinitolea upinde wake, mti ulioshika rangi ya chai kwa kushikwa, na podo la ngozi lenye mishale sita. Akachagua mmoja na kuniwekea kiganjani. Ulikuwa mwepesi kuliko nilivyotarajia. Wano, ule mti wa mshale, wa mkole ulionyooshwa kwa moto, manyoya ya kanga yaliyofungwa kwa mshipa, na chembe, ile ncha ya chuma, kilichofuliwa kwa msumari, chembamba kama jani la mwanzi.

"Huu ulikuwa wa sumu," alisema. "Zamani kazi ya mshale ilikuwa kuingia tu. Ukishaingia, hata pajani, hata tumboni, kinachobaki ni kazi ya sumu, nawe unafuata nyayo taratibu. Nyinyi mmekatazwa sumu. Basi mshale wako ufanye kazi ya watu wawili, uingie na uue wenyewe."

Jibu la swali langu la kwanza lilikuwa pale, na asubuhi yote tulilifungua kipande kwa kipande. Mshale mtupu unaua kwa kukata: ukipita kwenye mapafu yote mawili au moyoni, damu inatoka kwa wingi na mnyama anaanguka karibu. Ukipita kwingine anakwenda mbali na kufa vibaya. Kwa hiyo chembe cha msumari hakinifai. Nahitaji chembe kipana chenye makali pande zote mbili, na wano mzito zaidi ili usisimame kwenye ubavu. Babu aliniambia nikatafute chuma cha springi ya gari, nikipeleke kwa mhunzi, kisha makali niyatie mwenyewe, kwanza kwa tupa, halafu kwa kinoo. Kipimo chake: chembe kinyoe vinyweleo vya mkono bila kukwaruza. Akajaribu cha kwangu nilichokwenda nacho. Hakikunyoa hata kimoja. Akakiweka kando bila neno.

Halafu akachora nguruwe kwenye majivu. Alianza na mgongo, akauwekea manyoya marefu yaliyosimama, akaniuliza ningelenga wapi. Nikaonyesha katikati ya kifua, kama nilivyozoea kuwaza mbuzi. Akafuta yale manyoya kwa kidole, na mnyama akapungua urefu pale pale. "Manyoya haya yanamdanganya mpigaji. Yeye anaona mwili, kumbe ni nywele. Mshale unapita juu." Moyo wa nguruwe, alisema, uko chini sana na mbele sana, karibu umekaa kati ya miguu ya mbele. Nilenge nyuma tu ya mguu wa mbele, theluthi ya chini. Na nisubiri ageuke, anipe ubavu, au afadhali zaidi awe ameanza kuniacha, kifua chake kikielekea mbele kidogo, ili mshale uingie nyuma ya bega badala ya kugonga mfupa. Anayenitazama uso kwa uso nimwache.

Mchana tulijaza gunia makapi ya mtama tukalichora duara la ukubwa wa sahani. Nimeandika kila mshale kwenye daftari, maana kumbukumbu humsifu mwenyewe. Kwa hatua thelathini nilipata mitatu kati ya kumi. Hatua ishirini, sita. Hatua kumi na tano, tisa. Nikafurahi na ile tisa.

"Na huyu wa kumi?" Babu aliuliza.

"Umepita pembeni kidogo tu babu."

"Huyo ni nguruwe anayekwenda kufia kichakani siku ya tatu, akiliwa na funza angali hai."

Sikuwa na jibu. Kisha akaniketisha kwenye kigoda kifupi, goti moja chini, akaniambia nipige tena, kwa sababu hakuna nguruwe atakayenisubiri nisimame wima kama askari. Nilivuta vibaya, upote, ile kamba ya upinde, ukanichapa kwenye mkono wa kushoto, pakavimba kuanzia kifundo hadi karibu na kiwiko. Akapakanda kwa maji moto, akanifunga kipande cha ngozi ya mbuzi, tukaendelea. Nikiwa nimekaa, hatua kumi na tano: saba kati ya kumi.

Jioni ameniuzia upinde mpya, mgumu kuliko wake, ambao bado nauvuta kwa shida. Akasema mwili utauzoea kabla ya mwezi kuisha nikivuta kila siku. Neno la mwisho aliloniambia leo ni kuhusu baada ya mshale: nikishapiga nisikimbilie. Nikae muda wa kuchemka chungu cha maharage. Damu nyekundu yenye povu ni mapafu, nifuate. Damu nyeusi au yenye uchafu wa tumbo, nisubiri zaidi, na nisiingie kichakani peke yangu, kwa sababu nguruwe pori aliyejeruhiwa hugeuka, na meno yake ya chini ni visu.

Siku ya nne, Alhamisi. Kurudi Dodoma

Safari yenyewe haina la kusimulia. Nilipitia kwa dada yangu Nkuhungu, anayefuga nguruwe saba nyuma ya nyumba. Nilidhani atafurahia mpango wangu. Badala yake alisimama mlangoni mwa banda akanizuia kwa mkono.

Hofu yake ni homa ya nguruwe ya Afrika, na ana haki nayo. Ugonjwa huu ulielezwa mara ya kwanza kitaalamu Kenya mwaka 1921, na mpaka leo hauna tiba. Ngiri na nguruwe pori wanaweza kubeba virusi bila kuonekana wagonjwa, lakini vikifika bandani nguruwe wa kufugwa wanakufa karibu wote. Binadamu haumdhuru; unachomaliza ni ada ya shule. Tumekubaliana haya: viatu na nguo za windo hazitaingia kwake kabisa, mabaki na matumbo nitayafukia ranchini kwa kina, na hakuna kipande kibichi kitakachokaribia mtaa wake. Nimeyaandika ndani ya mpango kama sharti.

Siku ya tano, Ijumaa. Ranchini

Alfajiri nilipanda basi la Morogoro, nikashuka Mbande, nikapata gari la Kongwa. Shemeji, mume wa mdogo wangu, ni mhudumu wa mifugo ranchini, na alinijia na baiskeli mbili. "Mbukwenyi!" alipaza sauti kutoka mbali, salamu yetu ya Kigogo, na nilijisikia nimefika nyumbani.

Meneja alitupokea vizuri. Yeye ni Mwislamu, na aliniambia waziwazi kwamba nguruwe asipitishwe kwenye jiko la wafanyakazi, wala asipakiwe kwenye gari la ranchi. Barua ataiandika kwa moyo mmoja, maana wanyama hao wanamharibia mabomba ya maji. Nikamwahidi kuchinja na kupasua ng'ambo ya korongo, kwa visu vyangu na turubai langu.

Tulitembea siku nzima. Ardhi hii ina historia ambayo kila mtoto wa Kongwa amesimuliwa na mkubwa fulani: Waingereza walikuja mwaka 1947 na mpango wa kulima karanga kwa matrekta, wakang'oa pori, na mwaka 1951 wakaacha. Mvua haikuwafuata, na udongo mwekundu ulipokauka ukawa mgumu kama tofali, karanga zikagoma kung'oka. Baadaye sehemu kubwa ikageuzwa malisho. Nilikuwa nikiisikia kama hadithi ya wazee. Leo imenisaidia kazi. Nilipiga kisigino kwenye udongo wa juu, hata alama haikubaki, nikamwambia shemeji, "Kama trekta ilishindwa kiangazi, pua ya nguruwe itaweza wapi?" Tukaacha nyanda za juu zote, tukashuka moja kwa moja kwenye korongo la mchanga ambako udongo bado ni laini.

Hapo ndipo alama zilipoanza. Kwanza za ngiri, ambao si ninaowatafuta: kwenye nyasi fupi kulikuwa na alama za magoti, kwa sababu ngiri hupiga magoti akila, na mashimo yaliyochimbwa na yule mnyama mhanga, waliyoyafanya nyumba. Ngiri hutembea mchana, mkia juu, naye hakula karanga za mama. Mbele zaidi, penye bomba linalovuja karibu na birika la ng'ombe, tukakuta dimbwi la matope limegaragazwa, na kwenye gome la mgunga wa jirani matope yaliyosuguliwa, mengine mabichi. Nilisimama kando ya mti nikapima. Yalinifika juu ya goti, na mahali pamoja katikati ya paja. Huyo wa paja ni mkubwa.

Tukafuata njia yao kutoka dimbwini, kijia chembamba kinachoingia kichaka upande wa magharibi, na upande wa pili kinaishia chini ya mkuyu mkubwa ulioota ndani ya korongo. Tini zilizoiva zimejaa chini, na mchanga umechimbwa pote. Shemeji akaniuliza kwa nini natabasamu. Nilikuwa sijui kama natabasamu.

Swali la pili nilimuuliza yeye, maana analala humu mwaka wa tisa. Akaniambia wakati wa joto huwaoni, unasikia tu usiku. Lakini kipupwe, Juni na Julai, baridi inapokaza, huanza kutoka jua lingali juu, na asubuhi huchelewa kurudi. Kumbe mnyama huyu si wa usiku kwa kiapo. Anakwepa joto na watu, na baridi inampunguzia sababu moja. Msimu ukifunguliwa Julai, hali ya hewa itakuwa upande wangu, na sitahitaji taa.

Siku ya sita, Jumamosi. Upepo

Nguruwe pori haoni vizuri, lakini pua yake ni jambo lingine kabisa. Nimetia majivu kwenye soksi kuukuu, na siku nzima nimekuwa nikiitikisa kila nusu saa na kuandika yanakokwenda.

Kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni upepo umetoka upande wa Mpwapwa, yaani kusini, bila kubadilika, mara nyingine kwa nguvu ya kung'oa kofia. Nikaamua: wao wanatoka magharibi, upepo unatoka kusini, mimi nitakaa kaskazini ya mkuyu, penye jiwe na kichaka cha mkole. Harufu yangu itakwenda nyuma. Jioni tukakaa pale, mimi na shemeji, kujaribu tu. Upinde niliuacha nyumbani kwake makusudi. Sina kibali, na sikutaka mkono uwe na kitu cha kuuliza.

Saa kumi na mbili kasoro dakika kumi kichaka cha magharibi kilitikisika. Akatoka jike, akasimama, akanyosha pua. Nyuma yake wadogo watano wa msimu uliopita, wekundu wa kahawia. Kisha dume, manyoya ya mgongoni ya kijivu, masikio yenye vishungi, akitembea pembeni yao kama mchungaji. Niliyasikia meno yakipasua tini. Nilihesabu kwa macho: hatua kumi na saba. Dume aligeuka, akanipa ubavu, mguu wa mbele ukasogea, na ile sehemu aliyoichora Babu kwenye majivu ikawa wazi kabisa mbele yangu. Moyo ulikuwa ukinipiga shingoni. Mikono yangu mitupu ilikuwa ikitetemeka juu ya magoti, nikaelewa kwamba zile saba kati ya kumi za kwenye gunia hapa zingekuwa nne.

Halafu upepo ukafa. Jua lilikuwa limeingia nyuma ya vichaka, na nikahisi kitu cha baridi kikinigusa kisogoni, kikipita kwenda mbele. Hewa ya baridi inateremka na korongo, na korongo hili linateremka kuelekea kusini. Nilijua nimekosea kabla yao hawajajua. Pumzi kumi hivi, dume akainua kichwa, akakoroma mara moja, na pale chini ya mkuyu hapakuwa na kitu ila tini.

Shemeji alinong'ona, "Wamekunusa wewe, mimi wameshanizoea." Sina hakika kama ni kweli.

Siku ya saba, Jumapili. Ranchini, kisha nyumbani

Alfajiri nimerudi na soksi ya majivu na kupima upya. Mahali sahihi ni ukingo wa mashariki, ng'ambo ya mkuyu. Mchana upepo utapita mbele yangu kwenda kaskazini, jua likizama utapita mbele yangu kwenda kusini, na njia zote mbili haufiki magharibi wanakotokea. Jua litanipiga machoni hadi lizame, hilo nitalivumilia. Kutoka ukingoni hadi kwenye tini ni hatua kumi na tano, nimezitembea mara tatu. Nafasi niliyo nayo, tangu watoke hadi giza, ni kama dakika arobaini. Giza likiingia nafunga podo, hata wawe miguuni pangu.

Ombi nimeliandika upya usiku wa jana kwa taa ya shemeji: mnyama mmoja, dume kijana anayetembea peke yake. Dume yule mkubwa simtaki tena. Ndiye anayelinda wale wadogo, na nimemwona akifanya hivyo. Kwa mama nimeacha ahadi nyingine, ambayo haihitaji kibali cha mtu: wiki ijayo nakwenda kumsaidia kuweka ua wa miiba kwenye upande wa shamba unaotazama ranchi. Aliuliza nguruwe mmoja atasaidia nini kwenye karanga. Nikamwambia atasaidia kidogo, ua utasaidia zaidi.

Barua ya meneja ninayo, ya kijiji nitaifuata Jumanne, ramani nimeichora kwa penseli na mkuyu nimeuweka katikati. Upinde umelala juu ya kabati, upote umelegezwa. Kuanzia kesho, kabla ya kazi, mishale kumi kila asubuhi, hatua kumi na tano, goti moja chini.